Masika Tulipoomba Kuwa Mji

Ijumaa, 29 Machi 1996. Kibiti

Nimeamua kuandika kila linalotokea hapa mpaka masika yaishe, kwa sababu mahali ninapoishi panabadilika upesi kuliko kumbukumbu yangu. Mwalimu aliyestaafu hana darasa tena, na tabia ya kueleza haistaafu. Basi karatasi itanisikiliza.

Miaka kumi iliyopita njia panda yetu ilikuwa na duka moja la ushirika. Ndani mlikuwa na chumvi, majani ya chai na muuzaji aliyelala. Aliyetaka sabuni ilibidi awe na ndugu Dar es Salaam, na ndugu huyo awe na rafiki. Kisha biashara ikafunguliwa. Sasa pale pale maduka yamebanana mpaka moja linauza kupitia dirisha la jingine. Mitumba inamwagwa chini kwa marobota. Kuna jenereta zinazonguruma, jokofu la soda, banda la video, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutengeneza redio tu, na anakula akashiba. Mimi hupita pale nikasimama. Sinunui kitu. Natazama.

Leo baada ya sala ya Ijumaa Sadallah alisimama kutangaza. Huyu ni mwenyekiti wa kamati yetu ya kuomba Kibiti itambuliwe kuwa mji mdogo, nami ni mjumbe. Alianza kwa kuuza betri juu ya baiskeli. Sasa anajenga nyumba ya wageni ya ghorofa, ya kwanza hapa kwetu. Alisema wakubwa wa mkoa wamekubali kuja kutukagua, na siku wametuachia tuchague wenyewe. Yeye amechagua katikati ya Mei, maana wakati huo ghorofa yake itakuwa imeezekwa.

"Wakija watukute tumejaa," alisema. "Wakitukuta wachache, mji watapewa jirani zetu wa Ikwiriri, na maji ya bomba yatafuata mji. Nyie mtabaki kisimani mnagombea kamba."

Watu walicheka. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Kamati yetu ni ya wenye maduka, na mwenye duka hutazama kalenda ya ukutani.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

Alhamisi, 4 Aprili

Mdogo wangu Mwanamkuu ameondoka kwenda Mbwera, kwenye visiwa vya delta, kuamia mpunga wake.

Kwa asiyejua desturi yetu nitaeleza. Watu wengi wa huku wana makazi mawili. Mpunga ukikaribia kutoa masuke, wanafunga nyumba za juu na kushuka bondeni na deltani, wakaishi huko kwenye madungu mpaka wavune. Dungu ni nyumba ya miti iliyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ili maji yapite chini, nguruwe na kiboko wasimkute mtu amelala, na mwenye shamba aone shamba lote kwa jicho moja. Kuamia ni kuwafukuza ndege. Babu zetu walifanya hivyo nasi hatujaacha, maana ndege nao hawajaacha.

Mwanamkuu ni mjane. Mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka mzima. Alipanda lori na sufuria zake, mkeka, na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Kaka, ufunguo wangu huu," alisema. "Uchungulie ukuta wa nyuma, mvua isije ikaulaza."

"Nenda salama. Kuku wa nini?"

"Wananiamsha. Wewe ukiwa na hamu ya wali mpya njoo uamie. Ualimu umekuachia sauti, na hapa unaimalizia kwenye vikao."

Waliokuwa kwenye lori walicheka, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani.

Jumamosi, 6 Aprili

Malori mawili mengine yameshuka. Bati za ghorofa ya Sadallah zimefika.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekutana na Eufrasia kisimani. Ni muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Bukoba, na huu ni mwaka wake wa kwanza hapa. Zahanati haina maji, hivyo kila asubuhi muuguzi huchota kabla hajashika mgonjwa. Ndiyo maana kwake habari ya mji si fahari, ni ndoo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, watu wenu mmewaficha wapi? Leo siku ya kliniki, nimekaa na mizani yangu mpaka nikajipima mwenyewe."

"Wameshuka kuamia mpunga."

"Watarudi lini?"

"Wengine Juni, wengine Julai."

Aliweka ndoo chini. "Na wageni wa mkoa si wanakuja Mei?"

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nikitazama milango. Kufuli, kufuli, mlango uliozibwa kwa makuti, kufuli. Sisi tuliozaliwa hapa tulisahau kwa sababu kushuka kwetu ni kama kupumua. Nani husimama kwenye kikao akatoa taarifa kwamba mwezi ujao atapumua?

Alhamisi, 11 Aprili

Kikao cha kamati kwenye ghorofa isiyo na paa, chini ya turubai.

"Tuombe siku nyingine," nilisema.

"Ukiiachia siku, Ikwiriri wanaidaka," Sadallah alijibu. "Wenzetu wamekaa mkao wa kula."

"Wao nao si wameshuka kuamia?"

"Wao wapo karibu na mashamba yao. Wakipiga ngoma jioni, asubuhi wamejaa sokoni. Wetu wako ng'ambo ya maji." Akanigeukia. "Utawaleta wewe, Mwalimu. Nusu yao umewachapa darasani. Ukiwaita, miguu yao itakuja yenyewe hata kama vichwa vimekataa."

Nimekubali. Siku chache tu, nilijiambia. Ndege hawawezi kumaliza delta kwa siku chache.

Jumamosi, 20 Aprili. Nyamisati

Njia ni tope tupu, nimefika jioni. Gatini wanapakia boriti za mikoko. Boti ya kwenda Mbwera ni kesho, maji yakijaa.

Jumatatu, 22 Aprili. Mbwera

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi. Niliwaambia watoto kwamba mji ni mahali ambapo watu wengi wanaishi karibu karibu na wala hawalimi. Leo sentensi ile siwezi kuiandika ubaoni bila kuona haya.

Nilikuwa na miaka mingi sijashuka huku wakati wa kuamia, na nilipokuwa kijana niliona shamba la baba yangu tu, kama kijana anavyoona. Leo Mwanamkuu alinipandisha kwenye dungu lake, nikashika mwimo, nikatazama. Madungu kwa madungu, mpaka pale jicho linapochoka, kila moja na moshi wake, na katikati mpunga wa kijani umetulia kama maji mengine juu ya maji. Na hawakukaa ovyo. Jirani wa Kibiti amekaa na jirani yake wa Kibiti. Ule uchochoro wetu wa nyuma ya msikiti upo huku, umehama mzima, ila umesimama juu ya miti. Seleman fundi cherehani yuko juu na cherehani yake anashona. Muuza kahawa anapita kwa mtumbwi, dele linafuka, na wateja wanamteremshia vikombe kwa kamba. Watoto wanasomeshwa juzuu chini ya dungu la maalimu. Wanawake wanasimuliana habari kutoka dungu hadi dungu bila mtu kushuka ngazi, na nilipofika mwisho wa mashamba jioni, walikuwa wameshajua nimekula nini kwa dada mchana.

Nilikuja kuwaita watu waende kuujaza mji. Nimeukuta umejaa huku.

Hata hivyo nimeifanya kazi niliyotumwa. Nimewaeleza habari za wageni na maji ya bomba. Walinisikiliza kwa heshima.

"Na ndege nao wamealikwa, Mwalimu?" aliuliza mmoja. "Maana sisi tukienda huko, wao watafanya sherehe yao hapa."

Jumatatu, 29 Aprili

Idd. Wanaume walisali kwenye mwinuko mkavu, wanawake wakabaki juu ya madungu wakiamia. Imamu aliifupisha khutuba, akasema Mwenyezi Mungu anajua nia na kwelea, hawa ndege wa mpunga, hawaijui. Mwanamkuu amepika wali wa nazi na kuku mmoja wa wale wawili. Sijala chakula kitamu kama kile, huku mwenyeji wangu akisimama kila baada ya tonge kupiga kelele.

Jumatano, 1 Mei

Seleman amekubali. Ni wa kwanza. Anatangulia Kibiti akashone sare za watoto watakaowapokea wageni. Mkewe amejifungua juzi na yuko kwao Nyamisati, kwa hiyo dungu lake litabaki tupu. Alisema, "Mwalimu ukiniambia niende, naenda." Wengine watatu wamesema wataona.

Nilifurahi.

Ijumaa, 3 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Kwelea ni ndege mdogo, mtoto anaweza kumfumbata. Mmoja hana madhara. Lakini hatembei mmoja. Leo asubuhi, jua lilipoanza tu kupanda, niliona kitu upande wa magharibi nikadhani ni moshi wa mtu anayechoma majani. Moshi ule ukageuka. Ulijikunja, ukajikunjua, ukashuka chini ukapanda tena, ukaleta mvumo kama mvua inayokuja juu ya bati za mtaa mzima. Nimeishi miaka sitini na ushei, nikausoma ulimwengu kwa vitabu na kwa miguu, na sijui kama nimewahi kuona kitu kikubwa kiasi kile kikigeuka kwa amri isiyosikika.

Dungu la kwanza likapiga kelele. Kisha la pili. Sauti ikaja kwetu kama wimbi, dungu kwa dungu, madebe, vibao, makombeo ya udongo, wanawake, watoto, wazee wasio na meno. Mwanamkuu alinitia kombeo mkononi.

"Kaka, sasa fundisha," alisema.

Nilipiga kelele. Sikujua kama bado nina sauti ile. Wingu likaja juu yetu, likaogopa, likanyanyuka, likaenda kwa jirani. Jirani akalipokea kwa kelele zake, likanyanyuka tena. Ndipo nikaelewa tunafanya nini. Hatukuwa watu wengi kila mmoja na shamba lake. Tulikuwa ukuta mmoja wa sauti, na ndege walikuwa wakiupapasa ukuta ule wote wakitafuta tundu.

Wakalipata. Lilikuwa dungu la Seleman.

Wingu lilisimama juu ya kimya kile, likamwagika. Shamba likageuka rangi mbele ya macho yetu. Tuliruka majini, mimi pia, maji yakanifika kiunoni, tukakimbilia kule na madebe. Tulipofika walikuwa wameshakula sehemu kubwa, na wengine walishaanza kusambaa kwenye mashamba ya majirani wa pande mbili. Masuke yalibaki yamesimama wima, mepesi. Mpunga ulioliwa hauinamishi kichwa.

Hakuna aliyenilaumu. Walirudi kila mtu kwenye dungu lake, maana ndege wangerudi jioni.

Usoni pa Mwanamkuu palikuwa na matope. "Dungu moja likinyamaza, sote tumenyamaza," alisema. "Huko kwenye kikao chenu hamkuwa na mwanamke hata mmoja wa kuwaambia?"

"Hatukuwa naye."

"Haya. Panda dungu la Seleman basi. Kilichobaki kilindwe."

Nimepanda. Ninaandika kutoka huku.

Jumamosi, 4 Mei

Naamia. Sauti imekauka.

Jumapili, 5 Mei

Naamia kwa debe.

Jumatano, 8 Mei

Seleman amerudi, habari zilimfika kwa boti. Alizunguka shamba lake lote, akaja chini ya dungu nilipokuwa, akapandisha cherehani kwanza.

"Hii hawali," alisema.

Nilimwomba radhi. Alisema mimi ni mwalimu wake, tusirefushe. Ingekuwa nafuu kwangu kama angerefusha.

Simwiti mtu tena. Nimewaambia wote wabaki. Kesho naondoka nikamweleze Sadallah kwamba mji wake nimeuona na haunyanyuki.

Ijumaa, 10 Mei. Kibiti

Sijui nianzie wapi. Nimetoka Nyamisati sehemu kwa lori, sehemu kwa miguu, nikitunga maneno ya kumwambia mwenyekiti kuhusu mji mtupu. Nikafika njia panda, nikakosa pa kuweka mguu.

Mvua imeondoka na kalavati upande wa kwenda Ikwiriri. Barabara ya kusini imekatika kabisa. Kila basi na kila lori la kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara limekwama hapa, na mengine yanazidi kuja kutoka Dar es Salaam kwa sababu habari hazijawafikia madereva. Yamepangana kutoka njia panda mpaka nje ya mji. Abiria wametandika kanga kwenye kila baraza. Kuna harusi nzima imekwama, bibi harusi amekaa juu ya kapu la vyombo vyake. Kuna mchungaji na kwaya yake. Mtu ananyoa ndevu za watu chini ya lori, kioo amekifunga kwenye tairi. Nimesikia lugha ambazo sikuzitambua. Maduka yanauza usiku kwa taa za magari.

Sadallah alinikumbatia. Ghorofa yake haijapauliwa yote na imejaa hadi kwenye ngazi.

"Umekuja na watu?"

"Sikuja na mtu."

"Waache walale huko. Mungu ametuletea mji kwa mabasi."

Jumapili, 12 Mei

Kwangu nimeweka abiria sita. Nyumba ya Mwanamkuu nimemfungulia mwanamke wa Kilwa, Zamda, mwenye watoto watatu, aliyekuwa amelala nao kwenye tope. Leo asubuhi nimemkuta amewasha moto mbele ya mlango anachoma vitumbua, na foleni imefika barabarani. Nikamuuliza unga kaupata wapi. "Kwa mkopo," akasema. "Hapa watu wananiamini, hawanijui."

Jumatatu, 13 Mei

Kisima kinatoa matope. Eufrasia ana wagonjwa wa kuhara kwenye veranda. Ameniambia, "Mwalimu, watu wa kuhesabiwa tumewapata. Wa kunyweshwa je?"

Jumatano, 15 Mei

Wamekuja. Walikuwa watatu, na mkubwa wao ni Bi Elina, mama wa makamo, mpole wa maneno, aliyevaa mabuti ya mvua kama mtu aliyekwisha kuonana na barabara zetu.

Sadallah aliwatembeza. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na namna alivyoiepusha na tope pale njia panda ilikuwa ufundi. "Huu ni umati wa kawaida yetu, Mheshimiwa," alisema. "Hawa wote ni wakazi. Watu wa Kibiti ni wachapakazi, hawalali." Wajumbe wa kamati waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma.

Bi Elina hakuandika kitu. Alifika mbele ya nyumba ya Mwanamkuu, akaketi kwenye kigoda cha Zamda, akaagiza chai na vitumbua viwili. Akanitazama mimi.

"Mzee, wewe unakaa hapa?"

"Nimezaliwa hapa, mama. Hata shule nimefundisha hapa."

"Hawa ninaowaona, ni watu wenu?"

Sadallah alinitazama. Nilimwelewa. Neno moja tu, ndiyo, na bomba la maji linaanza safari. Nilimfikiria Eufrasia na ndoo yake. Halafu nikaliona lile dungu la Seleman, lilivyosimama kimya, na kelele zetu zote za pembeni hazikuweza kulisemea. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, nimewanyamazisha watu wote wa kule kwa mara ya pili.

"Hapana," nilisema. "Hawa wamekwama kwetu. Watu wetu wako deltani."

Nikaeleza. Mimi nikianza kueleza huwa simalizi upesi. Nilieleza dungu, kuamia, mpunga, uchochoro uliohama mzima, muuza kahawa na vikombe vya kamba, ndege waliogeuka kama moshi. Chai yake ilipoa. Zamda aliacha kuchoma. Niliposema kwamba nilikuwa nimetumwa niwalete na sikuwaleta, Sadallah aliingilia.

"Mheshimiwa, mzee katoka safari, amechoka."

"Hajachoka," alisema Bi Elina. "Mimi ndiye niliyechoka, kila ninapokwenda naonyeshwa umati." Alimalizia chai. "Sasa mzee, barabara haijapona. Magari yatakuwa yanakwama hapa kila masika. Na watu wenu watarudi. Wakikutana wote, mtawaweka wapi? Watakunywa nini?"

Nimewauliza watoto maswali maisha yangu yote. Hili nikamwambia silijui.

Aliinuka, akapangusa vidole. "Nitarudi wakisharudi. Siku sitawaambia."

Alhamisi, 16 Mei

Nimemsalimu Sadallah dukani. Alikuwa anatafuta kitu chini ya meza, na hakukiona mpaka nilipoondoka.

Jumatatu, 27 Mei

Wametandika magogo pale kalavati lilipokuwa. Magari yanaanza kupita moja moja. Bibi harusi ameondoka akipigiwa vigelegele na watu ambao hakuwajua mwezi uliopita. Zamda hajaondoka.

"Gari lako si lile?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nakwenda kwa mjomba kuomba mtaji, Mwalimu. Nikamwambie nini sasa?"

Si yeye peke yake. Kinyozi wa chini ya lori amepanga chumba. Fundi mmoja wa tairi kaweka bango. Maji yakipungua, udongo mpya hubaki shambani. Wakulima wa huku wanalijua hilo, na mimi nimelitazama kwa watu.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua imekwisha. Upepo wa kusini. Mkoa kimya.

Ijumaa, 5 Julai

Wamerudi. Malori yameanza kuingia tangu asubuhi kutoka Nyamisati, mpunga hadi juu ya kichwa cha dereva, na watu juu ya mpunga wakiimba. Wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wameshawasubiri. Wakati huo huo mabasi ya kusini yanapita, sasa yanasimama hapa ili abiria wale, kwa kuwa walipojifunza kula hapa hawakusahau. Nimesimama pembeni, na mwili umenisisimka kama siku ile ya ndege. Kitu kikubwa kinageuka, na sijui nani anatoa amri.

Mwanamkuu alishuka, akaenda kwake, akarudi kwangu mikono kiunoni.

"Kaka. Nilikupa ufunguo uchungulie ukuta. Wewe umeniwekea mji chumbani."

"Ni wageni, dada."

"Mgeni gani ana majiko mawili na mtu wa kumchotea maji?"

Niliwaacha wagombane. Jioni nilipochungulia, walikuwa wamekaa wanachambua mchele mpya, wote wawili, wakibishana kama sahani ya wali iuzwe na samaki au na maharage. Zamda amebaki na chumba cha uani. Kila dungu la mstari ule limempa Seleman kikapu cha mpunga. Vikapu vyenyewe vimepangwa nje ya kibanda chake, na yeye anashona katikati yao.

Jumanne, 9 Julai

Kisimani pamekuwa vita. Foleni ilianza gizani, ndoo zimepangwa mpaka msikitini, wenyeji wanasema wageni wametangulizwa, wageni wanasema ndoo haina kabila. Eufrasia alikwenda kutuliza. Katikati ya foleni akamwona mama mmoja amesimama na dumu la njano, mabuti miguuni. Alikuwa Bi Elina. Amelala nyumba ya wageni tangu juzi, kwa jina la mumewe, na hakuna aliyemtambua.

Sadallah aliletwa mbio, shati nje.

"Mheshimiwa, ungetuambia."

"Mngepanga watu," alisema. "Nipo hapa tangu alfajiri na sijafika kwenye kamba. Mji nimeuona, Bwana Sadallah. Maji ndiyo sijayaona. Nitakwenda kuandika hivyo hivyo, yote mawili."

Alinisalimu kwa mkono. Kisha akarudi kwenye nafasi yake kwenye foleni, maana dumu lake lilikuwa bado tupu, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshaanza kusogea.

Ijumaa, 26 Julai

Imetangazwa. Kibiti imekubaliwa kuwa mji mdogo, na watu wa kuchimba visima na kulaza mabomba watakuja kabla ya mvua za vuli. Ikwiriri nao wamekubaliwa. Nimefurahi kwa wote, ingawa si jambo la kusema hapa kwa sauti.

Sadallah amekuja kwangu mwenyewe, akaketi kwenye mkeka, akanywa maji.

"Mwalimu, ulitaka kuniulia mji mkononi."

"Ulikuwa mzito, haukufa."

"Mwakani kamati nataka iwe na wanawake. Huyo dada yako atakubali?"

"Muulize mwenyewe. Ila umwendee kabla hajashuka kuamia."

Alicheka mpaka maji yakampalia.

Alhamisi, 1 Agosti

Leo nimefanya jambo ambalo kwa mtu wa kwingine si jambo. Nimetoka nyumbani baada ya alasiri, nikatembea kutoka mwisho mmoja wa Kibiti mpaka mwisho wa pili, na hakuna mtu aliyenisalimu.

Si kwa utovu wa adabu. Walikuwa wanashusha mizigo, wanapimiana vitambaa, wanaita abiria, wanakula wamesimama. Nyuso zilipita, na nyingine, na nyingine, na kila moja ilikuwa na mahali inapokwenda. Nilidhani nitaumia, mimi niliyewafundisha watu wa hapa majina yao kuyaandika. Sikuumia. Nilijiona mdogo, kama mtu anavyojiona mdogo anapoingia ndani ya maji mengi, naye akagundua kwamba yanambeba.

Pale njia panda nilisimama muda mrefu nikitazama. Huenda nilikuwa na mdomo wazi, kwa sababu kijana mmoja mpiga debe, lafudhi yake ya kusini, aliacha gari lake akanijia.

"Shikamoo mzee. Mgeni hapa?"

"Naam," nilimwambia. "Ndio nimefika."

"Usiwe na wasiwasi," alisema, akanishika mkono kwa upole, akaanza kunionyesha: soko lile pale, msikiti huu hapa, zahanati utanyoosha na njia hii. Nikamfuata, namsikiliza.